Karatasi juu ya tangi: kinachopandisha bei ya magari ya misuli

Ukishusha tangi la mafuta la Chevrolet Chevelle ya 1970, huenda ukakuta karatasi imebanwa kati ya tangi na sakafu ya buti. Ni orodha waliyoifuata wafanyakazi wa kiwandani walipokuwa wakiliunganisha gari: injini gani, gia gani, rangi gani, viti vya aina gani. Kazi ilipokwisha waliiacha humo humo, maana haikuwa na faida tena kwa mtu. Mara nyingi utakuta panya wameshaitafuna au unyevu umeiozesha. Lakini ikiwa nzima, na ikionyesha kwamba gari lilitoka na injini ya LS6, ile ya inchi za ujazo 454 na nguvu za farasi 450, karatasi hiyo inaweza kupandisha bei ya gari kwa makumi ya maelfu ya dola.

Naanza na karatasi kwa sababu watu wanapobishana kuhusu bei ya magari haya ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, magari ya kawaida yaliyowekewa injini kubwa, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli, huzungumza kana kwamba kinachouzwa ni chuma. Siku hizi kinachouzwa zaidi ni ushahidi.

Asili ya magari haya haikuwa ya kitajiri hata kidogo. General Motors ilikuwa imepiga marufuku magari ya ukubwa wa kati kuwekwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Mwaka 1964, Pontiac, tawi la General Motors ambalo mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, ikaipita marufuku hiyo ubavuni: ikachukua injini ya 389 na kuiuza kama nyongeza ya hiari kwenye gari la kawaida, kwa chini ya dola 300. Hiyo ndiyo GTO. Aprili mwaka huo huo Ford ikatoa Mustang kwa dola 2,368, sawa na kama dola 24,000 za leo. Kijana wa kiwandani mwenye mshahara wa kila wiki aliweza kununua, na walinunua kwelikweli: Mustang zaidi ya 400,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Baadaye kampuni za bima zikapandisha ada kwa vijana wenye magari ya nguvu, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na Oktoba 1973 Waarabu wakasimamisha mafuta. Gari lililobugia petroli likawa mzigo. Mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa, yakaliwa na kutu, yakaishia kwenye mashine ya kuponda vyuma chakavu.

Tazama sasa. Plymouth ilitengeneza Hemi 'Cuda za kufunua paa 11 tu kwa mwaka wa mauzo wa 1971, kwa sababu wanunuzi hawakuzitaka. Juni 2014 moja iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Hizo ni za juu kabisa, lakini hata ngazi za chini zimesogea. Bei zilipaa katikati ya miaka ya 2000, zikaanguka baada ya 2008, zikapaa tena wakati wa korona, kisha riba ilipopanda kuanzia 2022 zikapoa kiasi. Hazijarudi zilikokuwa.

Wanaotetea bei hizi wana hoja nzito, na nisingependa mtu aipuuze. Gari la dola 3,000 halitengenezwi, linatupwa. Fundi wa bodi anayekata sakafu iliyooza na kuchomea mpya, kisha kunyoosha, kupiga rangi na kusugua, anatumia mamia ya saa. Hakuna atakayelipia saa hizo kama gari likimalizika halifikii hata nusu ya gharama. Bei ilipopanda, vipuri vilirudi: leo unaweza kununua bodi nzima mpya ya Camaro ya 1969 au Mustang ya zamani, imetoka kiwandani ikiwa bati tupu lisilo na kutu. Bila wakusanyaji wenye fedha, kiwanda gani kingegharimia mashine za kufyatulia bati la gari la miaka 50 iliyopita?

Upande wa pili unasema gari limegeuzwa hati ya akiba. Linafungiwa kwenye jengo lenye kipimajoto, linafunikwa shuka, linatolewa siku ya mnada. Na gari lisilotembea linaoza taratibu: sili hukauka, petroli huganda kwenye kabureta, breki hushika. Kijana anayelitamani hulitazama kupitia kamba ya maonyesho.

Mimi nakubaliana na wa kwanza kuhusu kilichotokea zamani, na wa pili kuhusu kinachotokea sasa. Lakini naona pande zote zinalipita jambo moja, nalo ni ibada ya namba.

Namba ya chesisi ya Chevelle ya 1970 haisemi kama gari lilikuwa la kawaida au SS, yaani toleo lake la nguvu. Kwa hiyo mnunuzi anatafuta ile karatasi, kisha anainamia injini. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna sehemu bapa ya chuma yenye namba zilizogongwa, na sehemu ya namba ya gari lazima iwemo. Mjuzi hamalizi kwa kusoma namba. Anapasafisha kwa kitambaa, anamulika tochi kwa ubavu, na kutafuta mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Ikiwa imefutika, kuna mtu ameisaga akagonga namba zake. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi naye hulinganisha namba ya injini na kadi ya gari, lakini yeye anaogopa kuuziwa gari la wizi. Huku Marekani injini inaweza kuwa halali kabisa, aina ile ile, nguvu zile zile, na bado gari likapoteza sehemu kubwa ya thamani kwa sababu siyo ile iliyozaliwa nalo.

Fikiri ni magari gani yalipoteza injini zake. Ni yale yaliyokimbizwa Jumamosi usiku kutoka taa moja hadi nyingine, yaliyopasua pistoni mwenye nalo akiwa na miaka 20, yaliyowekewa injini nyingine ili kesho yake afike kazini. Yalifanya hasa kazi yaliyotengenezewa. Soko linayaadhibu kwa hilo, na kulizawadia lile lililolala gereji tangu 1975.

Kuna gari moja linalonipa moyo. Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ilinunuliwa 1974 kwa dola 6,000, na mke wa mnunuzi akawa anaiendea kazini, alikokuwa akifundisha. Iliuzwa Januari 2020, nyundo ikagonga kwa dola milioni 3.4, ikiwa na mikwaruzo na kutu yake, rangi haijaguswa. Ni kweli jina la McQueen ndilo lililopandisha bei. Hata hivyo waliolipa walitaka makovu yale yabaki.

Wengine wanatabiri kwamba bei zitashuka zenyewe, maana waliokuwa na miaka 20 mwaka 1970 wamevuka 70 na wanaanza kuuza, huku wadogo wao wakihangaikia Toyota Supra za miaka ya 1990. Inawezekana kwa magari ya bei ya kati. Lakini bei ya kununua ikishuka, saa ya fundi haishuki, na mafundi wanaojua kuweka sawa kabureta ya midomo minne wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue lipi, namwambia aache ile yenye karatasi. Atafute Chevelle ambayo muuzaji ameipunguzia bei kwa aibu, akisema injini ilibadilishwa 1972. Aende na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe chini ya milango na kwenye kona za buti. Isiponasa, chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Ikinasa kila mahali, alipe, awashe, aondoke nalo akiliendesha mwenyewe.