Muda wa Safari ya Ndege Uhesabiwe Mpaka Mlango Unapofunguliwa

Anayetafuta mtandaoni umbali kati ya viwanja viwili vya ndege vya Ulaya hupewa majibu mawili kwa pamoja, kilomita na dakika, kana kwamba yote mawili yana uhakika ule ule. Naona jambo hilo linawapotosha abiria. Umbali unapimika bila ubishi kwa kufuata njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inaagiza kipimo hicho hicho kitumike katika kukadiria fidia ya abiria waliocheleweshwa. Muda mara nyingi hupatikana kwa kugawa kilomita hizo kwa mwendo wa wastani wa ndege, kisha kuongeza dakika chache za kupaa na kutua. Hesabu hiyo haijui upepo wala foleni ya kuruka.

Haijui pia kiwanja kilivyojengwa. Kutoka London Heathrow hadi Schiphol, Amsterdam, ni kilomita 370 hivi, na kwa kawaida ndege hukaa angani chini ya saa moja. Lakini ikitua kwenye njia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, hulazimika kuvuka daraja lililo juu ya barabara kuu ya magari, na yaweza kuchukua robo saa kufika kwenye jengo la abiria. Kwa mtu anayewahi ndege ya kuja Dar es Salaam, robo saa hiyo ni kubwa.

Suala hili liliwahi kufika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na kwa maoni yangu lilipata jibu la haki. Mwaka 2012 ndege ya Germanwings ilipangwa kuondoka Salzburg saa 7:30 mchana na kufika Köln/Bonn saa 8:40. Iliondoka saa 10:40 jioni, ikagusa ardhi saa 11:38, ikaegesha saa 11:43, na milango ikafunguliwa muda mfupi baadaye. Kwa kuwa fidia ya euro 250 hudaiwa kuchelewa kunapofikia saa 3, shirika lilishikilia saa ya kutua, yaani kuchelewa kwa saa 2 na dakika 58, ilhali abiria alihesabu mpaka mlango ulipofunguliwa. Tarehe 4 Septemba 2014 mahakama iliamua kwamba ndege huhesabiwa imefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kushuka, kwa sababu kabla ya hapo wamefungiwa mahali pamoja chini ya amri ya shirika, hawawezi kuendelea na shughuli zao.

Sioni sababu ya tovuti zinazotangaza muda wa safari kutumia kipimo kingine. Ratiba za mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha tena, muda mfupi tu kabla ya mlango kufunguliwa, nazo ziko wazi kwa kila mtu. Zitumike hizo, na muda wa angani ukitajwa, uitwe kwa jina lake. Naye abiria aliyechelewa kwa karibu saa 3 atazame saa mlango unapofunguliwa na kuiandika, maana katika kesi ile dakika 5 za kutoka njia ya kutulia hadi maegesho zilitosha kuvuka mpaka wa fidia.