Nyuzi 32 na Godoro la Inchi 10

Usingizi wangu haukuwa na kasoro yoyote hadi Iddi ya mwaka juzi, mama mkwe alipoketi ukingoni mwa kitanda chetu kufunga viatu vyake, akanyamaza kidogo, akalibonyeza godoro kwa kiganja kama mtu anayepima papai sokoni, kisha akamwuliza binti yake, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa kunifikia mimi sebuleni, kama analala juu ya godoro au juu ya chapati.

Nakiri kwamba godoro lile lilikuwa la inchi 4, na kwa umri liliokuwa nao huenda zilibaki 2. Hata hivyo lilikuwa halijawahi kunikosea. Nililala juu yake kwa miaka tisa, nikaamka nikiwa mkavu, nikaenda kazini. Lakini katika mji huu wa Dar es Salaam inchi za godoro zimekuwa cheo, na ndiyo maana mtu akihama nyumba, godoro ndilo hupakiwa juu kabisa ya mzigo, watu wote wa njiani walione na wapige hesabu. Tangu siku ile mke wangu hakuwahi tena kutandika kitanda bila kuguna.

Tulikwenda Kariakoo mwezi wa Januari, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu mtu anayenunua godoro huku jasho linamtiririka hana subira ya kuuliza maswali. Kijana wa dukani alituita bosi na dada, akatupitisha kwenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani kama watuhumiwa, kisha akaniomba nilale nijaribu. Nililala. Juu yangu pangaboi lilikuwa linazunguka kwa nguvu zote, chini yangu palikuwa laini, na kwa dakika ile moja niliamini kwamba nimepata nilichokosa maisha yangu yote. Sasa najua kwamba godoro haliwezi kujaribiwa hivyo, kwa kuwa ulaini wake hujitambulisha papo hapo, ilhali joto lake huhitaji nusu saa kujikusanya, na hakuna mwenye duka atakayekuacha ulale nusu saa ukiwa umezimiwa feni.

Kwanza alituonyesha lile godoro la bei ya kiwanja, ambalo ukilibonyeza linabaki na alama ya mkono wako kama saruji mbichi. Sponji ya aina hiyo ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi za shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege, na sifa yake ni kwamba hulainika inapopata joto la mwili, hivyo unazama ndani yake pole pole nayo inakukumbatia pande zote. Nadhani katika nchi zenye baridi jambo hilo ni neema. Huku kwetu joto limekwishafika kitandani kabla ya mwenye kitanda, na godoro linakusubiri likiwa limelainika tayari, na mwisho wa yote ni nani aliyemwambia kijana yule kwamba mtu wa Tandika, usiku wa Februari, anatafuta kukumbatiwa na kitu chochote? Tulilikataa kwa sababu ya bei, nikajifanya nimelikataa kwa sababu ya hekima.

Tukachukua la sponji ya kawaida, gumu, futi 5 kwa 6, inchi 10. Nililipa laki nne na ushei, nikakwea juu yake kwenye guta ili lisipeperuke, na kuanzia Kariakoo hadi Tandika nikapongezwa na watu nisiowajua. Lile la zamani mke wangu alilitoa jioni hiyo hiyo, akampa mlinzi wa duka la jirani, mzee mmoja ambaye alilipokea kwa mikono miwili na kuniombea dua ndefu. Nilijiona mtu mwema sana.

Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma elimu ya joto bila mwalimu. Sponji ni vitundu vidogo vingi vilivyojaa hewa, na hewa iliyotuama haipitishi joto kwa urahisi, ndiyo maana sponji ngumu ya ukoo huo huo hujazwa ndani ya kuta za majokofu. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa laki nne kununua ukuta wa jokofu, tofauti ikiwa kwamba jokofu lenyewe sikupewa. Upande wa juu wa mwili wangu ulipata upepo wa feni kama kawaida. Upande wa chini, kuanzia kisogo hadi visigino, ulikuwa umezama ndani ya inchi tatu za sponji ambako upepo haujawahi kufika, na joto lililotoka mgongoni lilikaa pale pale likinisubiri. Nikigeuka ubavu wa kulia, wa kushoto unapumua. Nikigeuka tena, wa kulia unapumua. Nililala kama mtu anayechoma mishikaki, isipokuwa kwamba nilikuwa mchomaji na mshikaki kwa wakati mmoja.

Juu ya hayo palikuwa na nailoni. Mke wangu alikataa katakata kulivua godoro ile nailoni ya dukani, kwa hoja kwamba mtoto wetu mdogo hana mkataba na kibofu chake na kwamba vumbi la barabara yetu linajulikana. Sikuwa na jibu la kibofu. Lakini nailoni hainywi jasho wala hairuhusu lipite, hivyo jasho langu lilikaa kati yangu na shuka kama maji ya dimbwi, na kila nilipojigeuza ilitoa sauti ya mtu anayefungua pakiti ya biskuti msibani. Baada ya wiki mbili tulifikia mapatano: nailoni ilivuliwa, na sehemu ya mtoto ikawekewa kipande kidogo peke yake, kwa kuwa si haki watu wawili wazima kulala ndani ya mfuko kwa ajili ya kosa la mtu wa miaka mitatu.

Hapo joto lilipungua kidogo, nikapata tamaa ya kulipunguza zaidi kwa njia ya shuka. Zetu zilikuwa zawadi ya harusi, seti nzima ya vipande sita, zinazong'aa na kuteleza kiasi kwamba ukiota ndoto ya kukimbia unajikuta sakafuni. Nilirudi Kariakoo kutafuta shuka za pamba, na hapo muuzaji mwingine akanitandikia moja mbele yangu akisema kwa fahari, "Hii ina nyuzi elfu moja, mzee." Neno hilo nyuzi lilinishtua, kwa sababu nyumbani kwangu nyuzi ni za joto, na 32 za mchana wa Februari zinanitosha, hasa ukizingatia kwamba hata usiku wa manane hazishuki sana chini ya 25. Akanifafanulia kwamba ni idadi ya nyuzi katika kila inchi ya mraba ya kitambaa. Nikamwuliza, nyuzi zote hizo zikibanana ndani ya inchi moja, upepo utapita wapi? Alinitazama kwa huruma. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba swali langu halikuwa la kijinga, kwani kitambaa kilichobanwa mno hakipumui vizuri, na wapo watengenezaji wanaosokota nyuzi nyembamba kadhaa kuwa uzi mmoja kisha wakazihesabu zote, kama mtu anayehesabu familia yake kwa idadi ya miguu.

Aliyeniokoa siku ile ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa ananunua foronya pembeni yangu. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la shuka ile ya nyuzi elfu, akatoa kiberiti kwenye mkoba wake, akauwasha uzi huo mbele ya muuzaji bila kuomba ruhusa. Uzi haukuungua bali uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kijitone kigumu cheusi kama kichwa cha pini. "Poliesta hiyo, baba," akaniambia, huku akinipulizia moshi wake. "Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu." Muuzaji alisema kwamba ni pamba ya kisasa. Yule mama akarudisha kiberiti mkobani na kuendelea na foronya zake, nami nikaondoka bila kununua kitu na bila kujua jina lake, ingawa ningeweza kumwachia urithi.

Shuka nilizipata hatimaye kwenye mitumba ya soko la Karume, pale Ilala, mbili nyeupe na moja yenye mistari, zimefuliwa na watu wa mbali mara nyingi hata zimekuwa laini kama kanzu ya babu. Moja ina muhuri uliofifia wa hoteli fulani. Nilichoma uzi, ukaacha jivu. Mke wangu aliona haya kuzianika mbele ya majirani, ila usiku wa kwanza alilala upande wangu wa kitanda, ambako ndiko nilikokuwa nimeitandika ile ya hoteli.

Msidhani kwamba mambo yakaisha hapo. Kitanda chetu kilitengenezwa na fundi wa Keko ambaye, badala ya kupanga chaga kwa nafasi, aliweka ubao mzima chini ya godoro ili, kama alivyosema, kitanda kiwe na nguvu. Kina nguvu. Hata hewa haiwezi kukipenya, na tulipoliinua godoro wakati wa masika tulikuta ubao una unyevu na madoa ya ukungu, kwa sababu unyevu wa mwili ukishuka ndani ya sponji na kukuta ubao huwa hauna pa kwenda. Nilikodi keekee nikautoboa matundu mengi, kazi iliyochukua Jumapili nzima na kunifanya nionekane mbele ya watoto wangu kama mtu anayejenga mzinga.

Kisha kuna chandarua, ambacho siwezi kukilaumu, kwani malaria haina mzaha. Ila ukweli ni kwamba feni ikipuliza kwa nje, upepo unaofika ndani ya chandarua ni salamu tu. Feni yenyewe haipozi hewa, kazi yake ni kuondoa ile hewa yenye mvuke iliyoizunguka ngozi ili jasho likauke, na katika mji wa pwani ambako hewa imeshiba maji jasho hukauka kwa uvivu hata bila pingamizi. Nimejaribu kuiweka feni miguuni, ubavuni, na hata kitandani ndani ya chandarua, ambako ilikula pindo la foronya. Umeme ukikatika saa sita usiku, au luku ikiisha, mjadala wote huu hufungwa, na hapo ndipo huwa namkumbuka bibi yangu wa Mafia, ambaye kitanda chake kilikuwa cha kamba za usumba, kimetandikwa mkeka wa ukindu, na mto wa sufi. Upepo ulikuwa unaingia kwa chini na kutokea kwa juu. Tukiwa watoto tulikidharau kitanda kile kwa sababu kilituachia michoro mgongoni, tukaapa kwamba tukikua tutanunua sponji. Mji huu wenyewe zamani uliitwa Mzizima, na kuzizima maana yake ni kupoa. Sina shaka kwamba waliokuwa wanaishi hapa wakati huo walilala juu ya kamba.

Kwa hiyo nimefikia utaratibu wangu. Saa mbili usiku naingia kitandani kama mume, na kati ya saa saba na saa nane natoka kimya kimya na mkeka wangu na kikoi, naenda kulala kwenye kibaraza ndani ya chandarua cha zamani nilichokitundika pale, na kabla ya alfajiri narudi. Godoro la inchi 10 limebaki kwa ajili ya heshima.

Februari iliyopita mama mkwe alikuja kututembelea, na kwa kuwa godoro lile ni yeye aliyelizaa, tulimpa chumba chetu. Alilibonyeza kwa kiganja, akatabasamu, akamwambia binti yake kwamba sasa analala kama watu. Sisi tukalala sebuleni na watoto. Saa nane nilinyata na mkeka wangu hadi kibarazani, nikafungua mlango bila kuutoa mlio, na kumkuta mama mkwe amejinyoosha sakafuni juu ya khanga, na nyingine amejifunika, chandarua changu kimemfunika vizuri kabisa.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa kuwa sikuona neno lingine.

"Marahaba, baba." Akainuka, akajitanda khanga. "Nimetoka mara moja kusikiliza kama wameadhini."

Nikamwambia kwamba mimi nami nimetoka kuangalia kama geti limefungwa, huku mkeka ukiwa kwapani. Tukakaa kimya, yeye upande wake na mimi kwenye ngazi, kwa umbali unaostahili baina ya mkwe na mkwe, na kwa muda mrefu kilichosikika kilikuwa mbu tu, pamoja na mkoromo mzito, wa mtu aliyeshiba usingizi, uliotoka upande wa dukani.

"Baba," akasema hatimaye, "hivi lile godoro lenu la zamani mlilipeleka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole mahali alipolala mlinzi.