Nataka Namba ya Beji Yangu

Siku ya posa ya mdogo wangu, nyumbani Igoma, wageni wameshakula ugali na sato na mahari inajadiliwa ndani, shangazi wa muoaji alinishika mkono tukasogea hadi kwenye simtanki. Akaninong'oneza: "Mwanangu, usinielewe vibaya. Huyu binti si ndiye anayepiga watu eksirei? Kwetu Magu wanasema hao hawashiki mimba, na wakishika, watoto wanatoka na kasoro."

Nikamjibu, "Shangazi, ondoa shaka, atazaa." Usiku usingizi ukanipaa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa. Vijana wa bodaboda wanatuletea mapaja yaliyovunjika karibu kila siku, na daktari hawezi kupitisha chuma ndani ya mfupa bila mashine ya mionzi kuwashwa na kuzimwa, mara kumi, mara ishirini, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kitandani. Kama shangazi angeuliza, "Na wewe imekuingia kiasi gani?" nisingekuwa na jibu.

Shangazi alichanganya mambo matatu, na hata sisi kazini tunayachanganya. Ugumba kwanza: mionzi inaweza kuuleta, lakini kwa mwanamke ni pale mayai yanapopigwa na dozi ya maelfu ya milisiveti, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, hesabu ya miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Anayefuata taratibu yuko mbali mno na ugumba.

Mimba ni habari nyingine. Mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kuanzia mama anapoarifu kazini mpaka anapojifungua. Wapo dada zetu wanaonyamaza mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa kuhamishwa na kukosa posho ya zamu. Nawaelewa, lakini naumia, kwa sababu wiki za mwanzo ndizo viungo vya mtoto vinapojengeka.

Kisha kurithi, yaani kasoro kupita kwenye mbegu au yai. Hofu hii haikutoka hewani. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadilisha vinasaba vya inzi wa matunda, na watoto wa inzi hao wakarithi mabadiliko hayo. Dunia ikatarajia kuyaona hayo kwa binadamu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Watoto wapatao 77,000 wa walionusurika na wenzao wa kulinganisha wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi halijaonekana. Wataalamu hawajaifuta hatari hiyo, wanaikadiria kuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya saratani. Natamani kila shangazi wa Kanda ya Ziwa alijue hili kabla ya kumkatalia binti wa watu ndoa.

Ila nikisema watoto wetu wana nafuu, sisemi kwamba sisi wenyewe tuko salama. Mionzi hukata uzi wa vinasaba ndani ya seli. Mara nyingi seli hujirekebisha. Uzi ukikatika pande zote mbili kwa pamoja, marekebisho huweza kukosewa, na seli ikaendelea kuishi na kosa hilo. Kosa likiwa kwenye seli ya titi, ya tezi ya shingo au ya uboho, halimfikii mjukuu. Linabaki kwangu, na miaka mingi baadaye linaweza kuwa saratani. Hapo ndipo ningependa hofu yetu ihamie.

Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na beji mbili za kupimia mionzi, na tulizivaa watu sita kwa zamu. Zilikusanywa, zikapelekwa kusomwa, majibu yakarudi na kufungiwa kwenye faili la mkuu wa idara. Namba ile ilikuwa ya nani? Haikuwa ya mtu. Aproni za madini ya risasi, zinazotukinga na mionzi, zilikunjwa kama kanga na kutupwa juu ya stuli. Siku moja fundi alilaza moja chini ya mashine, na kwenye skrini nyufa zikaonekana zikitawanyika kama mito kwenye ramani, na ufa mrefu zaidi ulipita usawa wa kitovu. Mwenzetu aliyekuwa akiivaa zaidi aliitazama, akaishika na kuirudisha mezani bila kusema neno.

Tena aproni nyingi zinafunika mbele tu. Muuguzi anageukia meza ya vifaa, mgongo wake uko wazi, na mashine inawashwa. Mionzi inayotufikia sisi hutawanyika hasa kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, kwa hiyo ukisogea mara mbili ya umbali uliokuwapo, inapungua hadi karibu robo. Daktari akisema tu "nawasha" na kusubiri sekunde mbili, tutarudi nyuma. Kutamka neno hilo hakuhitaji bajeti.

Tuna Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, na tuna Tume ya Nguvu za Atomiki yenye kazi ya kusimamia usalama wa mionzi. Ninachodai ni kidogo: kila anayeingia chumba kile, hata mhudumu wa machela na mama anayeshikilia miguu ya watoto wakati wa picha, awe na beji yake peke yake, na asomewe namba yake kila inaporudi.

Hapa nilipo sasa niliomba yangu kwa barua. Miezi mitatu: milisiveti 0.4. Nikampigia shangazi, ambaye leo ni mkwe wa mdogo wangu.

"Hiyo ni nyingi au kidogo?" akauliza.

Nikamwambia kwamba binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka angani, ardhini na kwenye chakula, na kwamba hata mawe haya ya graniti tunayojenga juu yake Mwanza yana mionzi yake. Akanyamaza kidogo. "Na ya mkwe wangu?"

Mdogo wangu bado hajapewa yake. Barua tuliiandika pamoja Jumapili.