Msiba wa Mwenye Mkia

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia pole, naomba nisimulie mwenyewe. Rafiki yangu wa Nyakato, hapahapa Mwanza, ameshasambaza ya kwake kwenye magrupu yote, na humo mimi nina mtoto wa nje aliyefariki akazikwa kimyakimya. Shangazi kanipigia kutoka Sengerema analia, anauliza kwa nini nilimficha mjukuu. Sina mtoto wa nje. Sina hata wa ndani.

Kazi yangu mnaijua. "Anachora katuni," ndivyo mama mwenye nyumba anavyowaambia wageni, kwa sauti ileile ya kusema fulani hajapata kazi bado. Sichori. Nachezesha wahusika wa filamu za sinema. Naletewa mwili uliokwisha kutengenezwa ndani ya kompyuta, una vishikizo kila mahali, mpaka kope zina vya kwake, halafu mimi ndiye naamua anapumuaje, anageukaje, kilio kinaanzia kidevuni au mabegani. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Wiki nzima ukitoa sekunde nne tano zilizonyooka umefanya kazi, unastahili sato mzima.

Na kilio hukipati ukiwa umekaa kwenye kiti. Hata wazee waliochora kwa penseli walikuwa na kioo mezani, wanajikunja sura wenyewe kisha wanachora walichokiona. Sisi tunajirekodi, ndiyo video ya rejea. Nimeshawafuata wale makorongo wenye upara pale Mwaloni Kirumba, korongo mbele, mimi nyuma nainua magoti anavyoinua yeye, na hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaloni kila mtu ana shida zake.

Shoti yenyewe, yaani kipande cha filamu nilichopewa, ni bibi anamlilia mjukuu wake. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nimesaini karatasi za usiri kurasa kwa kurasa, studio iko Ulaya na wanasheria wake hawana utani. Niseme tu kwamba bibi ana mkia. Hilo la mkia likumbukeni.

Nikajiandaa. Kanga nikaifunga kifuani, maana nguo ya bibi inabana hatua na nilitaka nijue uzito unakaa wapi. Taulo nikalisokota, nikalifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu, likawa mkia. Mnaocheka mcheke, mkia ni somo zima. Kiuno kinaanza, mkia unafuata umechelewa fremu kadhaa, na ncha inachelewa zaidi. Ukiupeleka pamoja na kiuno umemfunga mnyama wa watu fimbo. Mto nikauzungushia shuka jeupe, huyo ndo mjukuu. Simu nikaiegesha juu ya ndoo, nikabonyeza.

Wa Mabatini mnajua nyumba zetu zilivyopandana kwenye mawe. Dirisha langu liko usawa wa bati la jirani wa chini, na mlango wa jirani wa juu uko usawa wa bati langu. Ukipiga chafya unaombewa afya pande zote. Sauti inagonga jiwe, inarudi imeongezeka.

Mara za mwanzo nililia tu, nikajitazama, hovyo kabisa, bongo muvi ya zamani. Mtu aliyefiwa hatafuti kulia, anapigana asilie. Pumzi inakatika kwanza, midomo inakaza, na sauti inatoka kwa kuponyoka. Basi nikamkumbuka marehemu babu, nikajizuia, nikajizuia, ikaponyoka.

"Ng'wanawaneee! Umeniacha na nani!"

Aisee, ilitoka. Nikaona hapohapo nirudie, nikiwa bado moto. Nikarudia sana.

Sasa hapa twende polepole, fremu kwa fremu, maana video ninayo na nimeshaitazama kwa kujitesa.

Kwanza kitasa kinashuka. Mimi sioni, nimeinamia mto, mkia umelala vizuri kabisa upande wa kushoto. Mwanga unaingia sakafuni. Halafu kandambili za mama mwenye nyumba, moja ya bluu, moja ya kijani. Nyuma yake miguu mingine, na mingine. Nainua uso. Macho yanatangulia, kope zinapepesa katikati, kichwa kinafuata. Yaani hata kwenye aibu nilikuwa sahihi kitaaluma! Mama anaitazama kanga. Ananitazama usoni, machozi ya kweli, kamasi za kweli, moja imefika mdomoni. Kisha macho yake yanashuka kwenye lile shuka jeupe mikononi mwangu, na urefu wake.

Hapo pumzi inamkatika. Mikono inapanda kichwani, magoti yanaachia, anakwenda chini, "Mayuuu!", na mtandio wake unabaki hewani kidogo ndipo unamfuata. Miaka yote ya kazi hii sijaona uzito ukishuka vizuri vile.

Wakaingia wote. Mkeka sijui ulitoka wapi, lakini ulitandikwa. Bibi wa nyumba ya juu akanishika bega, "Jikaze mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa." Nikafungua mdomo nimwambie hakuna msiba, ikatoka kwikwi. Jaribuni wenyewe kujiliza muda wote ule mwone kama kifua kinatulia hapohapo. Kila nikisema "hapana," wanaitikia "pole." Kila nikitikisa kichwa, mama anaanza upya.

Nje nasikia mtu anauliza turubai. Mwingine anasema sukari imepatikana, majani bado.

Akafika mjumbe. Huyu mzee anatembea na daftari hata akienda kuoga, nadhani. Akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu.

"Pole sana, kijana wangu. Marehemu ni nani kwako?"

"Shikamoo Mzee. Hakuna marehemu."

"Marahaba. Usikatae, ni mshtuko. Ni nani kwako?"

"Ni kazi tu Mzee, ni filamu."

"Filamu gani?"

"Siruhusiwi kusema."

Wakatazamana.

"Mtoto huyu ni wa nani?"

"Siwezi kumtaja Mzee. Nimesaini."

"Umesaini kwa nani?"

"Kwa Wazungu."

Chumba kizima kikanyamaza. Nasikia sufuria tu huko nje. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameegemea goti langu, akajivuta taratibu. Na mimi, wapenzi wafuasi, kwa nia njema kabisa ya kuwatoa hofu, nikasema:

"Mzee, hata si mtu. Ana mkia."

Halafu kuna mtoto. Kila msiba una mtoto aliyesimama mlangoni ambaye hakualikwa. Akaninyooshea kidole.

"Hata yeye anao."

Macho yote kwenye taulo. Nikageuka nami nione, taulo likageuka pamoja na mimi, limechelewa kidogo, linavyotakiwa.

Watu wa Mabatini wana mbio. Sikuwa najua.

Mengine nayapitisha haraka. Shuka lilifunguliwa mbele ya mashahidi, wakaukuta mto. Mkia ulifunguliwa mbele ya mashahidi haohao. Rambirambi zikarudishwa, daftari na hela havikulingana, pengo nikaziba mimi. Chai ilinywewa kwa kuwa maji yalishachemka, na sijawahi kunywa chai ya msiba wangu mwenyewe ila ilikuwa na tangawizi nzuri. Huyo wa Nyakato alikuwa amekuja kuazima chaja, muda wote alisimama dirishani na simu mkononi. Chaja hajarudisha mpaka leo. Na wewe uliyeniandikia "pole ya mkia", nimekuona.

Video niliituma Ulaya vilevile, muda wa kurudia haukuwepo na uso wa kurudia pia. Mwongozaji akajibu kilio kimepita, ila bibi aanguke kama yule mama wa mlangoni, na je, huyo mwigizaji nimempata wapi? Nimemfikishia mama. Kasema kodi ya mwezi huu haipungui hata shilingi, ila anataka jina lake litokee mwisho wa filamu. Akauliza filamu inaitwaje.

Siruhusiwi kusema.

Mjumbe naye ametoa agizo: nikitaka kulia, au kufanya kelele ya aina yoyote, nilete taarifa ya maandishi siku moja kabla. Nimekubali. Shoti inayofuata ina uchungu wa kuzaa. Kanga imeshafuliwa, taulo lipo, nimekaa na kalamu hapa natafuta namna ya kumwandikia mzee wa watu bila kutaja nani anajifungua, wala anajifungua nini.