Miale ya ziada katikati ya Njia Nyeupe: maada giza au masalia ya nyota?

Mwanzoni mwa Septemba, saa mbili usiku, ukiwa Moshi upe mlima kisogo utazame kusini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC. Mawingu yakikuruhusu, utaona Njia Nyeupe imenenepa baina ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale. Hapo ndipo kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 26,000, na wanafizikia wanapagombania tangu 2009.

Mwaka huo Lisa Goodenough na Dan Hooper walichambua data za darubini ya angani Fermi, iliyorushwa 2008, wakakuta miale ya gama, yaani nuru ya nishati kubwa isiyoonekana kwa macho, inayozidi matarajio. Ziada hiyo hukolea kwenye nishati ya gigaelektrovolti chache, nayo imekizunguka kitovu karibu kwa mviringo. Ndivyo ingekuwa kama chembe za maada giza zinakutana na kuangamizana. Maada hiyo haitoi nuru. Tunaijua kwa mvutano wake tu, na ni mara tano hivi ya maada ya kawaida.

Wapinzani wanasema ni pulsa, masalia ya nyota yanayojizungusha mamia ya mara kwa sekunde na kutoa gama ya nishati hiyohiyo. Mwaka 2015 takwimu ziliwapa nguvu: miale ilionekana kuja kwa madoadoa, kana kwamba vyanzo vidogo ni vingi. Halafu 2019 Rebecca Leane na Tracy Slatyer wakachomeka maada giza ya kubuni ndani ya data, na hesabu zilezile zikaiita vyanzo vidogo! Yaani hesabu hizo zaweza kukosea.

Hata hivyo naegemea pulsa, kwa sababu ya galaksi kibete zinazoizunguka yetu. Zimejaa maada giza na karibu hazina kingine cha kutoa gama, ilhali kule kitovuni ni kama kutafuta mnong'ono katikati ya soko la Memorial. Fermi imezikodolea macho miaka mingi bila kupata ishara ya uhakika. Kweli, kiasi cha maada giza ndani yake hukadiriwa kwa kubahatisha kidogo, kwa hiyo upande wa pili bado una pa kusimama.

Kinachonikera ni kwamba pulsa zenyewe hazijaonekana kitovuni kwa idadi inayotakiwa. Darubini za gama za H.E.S.S. za Namibia hazisaidii sana hapa, maana hunasa nishati za juu zaidi. Naisubiri SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, kwani pulsa hutoa mawimbi ya redio pia. Ikikosa kuzipata, nitahama upande.