Historia ya Kilwa tumeachiwa na wenye nyumba za mawe

Kuna jambo linanikera kila nikisoma historia ya pwani yetu na leo ngoja niliseme. Wanahistoria wametuandikia habari za waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe, halafu shuleni tukafundishwa kwamba ndio habari za pwani nzima.

Chukua Kilwa, mji wa kale wa kisiwani kusini mwa Tanzania. Tarikhi yake, yaani maandishi ya historia ya masultani, inayotegemewa mpaka leo iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, na habari zinazofanana nayo zimo kwenye kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa 1552. Inasimulia watu wa Shiraz, huko Uajemi, walivyokuja na merikebu saba, baba na wanawe sita, na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hadithi tamu kweli, lakini nani alikuwa anasimulia? Ni masultani wenyewe na watu wao, wanaeleza kwa nini wao ndio wana haki ya kutawala, tena wakati huo Wareno walishaivamia Kilwa tangu 1505 kwa hiyo heshima ya ukoo ilikuwa inatafutwa kwa nguvu zote. Yule aliyeuza kisiwa alisimuliaje kwa wajukuu zake huko bara? Hakuna aliyeandika. Na wanawake wa Kilwa, na watumwa, na wavuvi, hao ndo kabisaa.

Halafu wakaja wachimbaji wa mabaki ya kale. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, kazi kubwa na namheshimu, ila macho ya watu wa enzi zile yalikuwa kwenye misikiti, majumba na kauri za China, na wengi wao walishaamini kabla ya kushika jembe kwamba miji hii ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Ukitafuta jumba la sultani utapata jumba la sultani! Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate huko Lamu, Kenya, akashuka chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, chini yake mwingine tena, ile ya zamani kabisa ni midogo ya miti na udongo, inarudi mpaka karne ya 8. Yaani ushahidi ulikuwa palepale chini ya mawe muda wote, hakuna aliyeutafuta.

Msiniambie sayansi imemaliza ubishi. 2023 ulitoka utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale kutoka makaburi ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, pamoja na mji mmoja wa bara, na wengi wa wale wa pwani wakaonekana wana asili ya Kiafrika upande wa mama na ya Kiajemi upande wa baba. Mitandaoni kila mtu akakamata kipande chake, huyu anashangilia Ushirazi wake, yule anashangilia Uafrika wake. Mimi nikajiuliza makaburi gani hayo? Mengi ni ya wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti, maana hayo ndiyo yanayoonekana mpaka leo. Mvuvi aliyezikwa bila hata jiwe la kichwani hayumo kwenye hesabu, ila majibu yanasomwa kana kwamba na yeye alipimwa.

Sisemi wanahistoria ni waongo. Nataka waandike ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, ni sauti za nani walizokosa, sio kuficha kwenye maelezo madogo ya chini. Na inawezekana kutafuta kwa njia nyingine jamani, Songo Mnara, hapohapo jirani na Kilwa, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliamua kuchimba viwanja vilivyo wazi katikati ya nyumba za mawe, sehemu ambazo wengine walikuwa wanazipita tu, wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Watu waliishi pale, wakapika, wakafanya kazi zao. Vitabu vya sekondari viliweke hilo kwenye mada yao ya Kilwa, sambamba na sultani na majumba yake.