Warfarini au dawa mpya? Tazama kwanza vali

Mgonjwa akitoka kliniki ya moyo hapa Nairobi na karatasi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jamaa zake humuuliza: mbona hukupewa zile dawa mpya ambazo hazitaki kupimwa damu kila mara? Swali ni la haki. Jibu limo katika kazi ya mtafiti mmoja, Stuart Connolly wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambaye ameongoza tafiti zilizotoa majibu mawili tofauti.

Mwaka 2009 alichapisha RE-LY, utafiti wa wagonjwa 18,113 ambao moyo wao ulidunda ovyo, hali iitwayo atria fibrileshoni. Dabigatrani, mojawapo ya dawa mpya, ya miligramu 150 mara mbili kwa siku, ilizuia kiharusi vizuri kuliko warfarini, na uvujaji mkubwa wa damu haukuzidi. Lakini wenye ugonjwa mkali wa vali, yaani milango ya moyo, hawakuingizwa humo, na hao ni wengi kwetu: vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyowapata utotoni baada ya maambukizi ya koo.

Mwaka 2022 ikafika zamu yao. INVICTUS, utafiti mwingine wa Connolly, iliwachukua wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, umri wa wastani miaka 50, wengi wao wanawake. Waliopewa rivaroksabani, dawa mpya nyingine, walikufa 552; wa warfarini na jamii yake, 442. Uvujaji mkubwa wa damu haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Mfadhili alikuwa Bayer, mwenye rivaroksabani. Si kila siku kampuni hulipia utafiti unaoiangusha dawa yake.

Wanaotetea dawa mpya wana hoja nzito. Vifo vilivyopungua vilikuwa hasa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi, si vya kiharusi pekee. Wa warfarini walionwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya vipimo, kwa hiyo huenda kilichowaokoa ni kliniki yenyewe. Naikubali hoja hiyo kwa nusu: hata kama ni kweli, haimpi mwenye vali iliyosinyaa sababu ya kuhama. Ila inatuonya sisi. Uchambuzi wa Connolly wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mahali ambapo INR (kipimo cha kuganda kwa damu; ikipanda, damu inachelewa kuganda) haikai kwenye lengo kwa asilimia 58 hadi 65 ya muda, warfarini haina faida ya maana kuliko aspirini ikichanganywa na klopidogreli.

Na INR huharibika kwa mambo madogo. Chupa ya kifuniko cha buluu ina sitreti, na damu inatakiwa kufika kwenye mstari: sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Ikijazwa nusu, sitreti inayozidi hunasa kalsiamu ya kitendanishi (dawa ya maabara inayoigandisha damu), damu inachelewa kuganda ndani ya mashine, na INR inasomeka juu kuliko ilivyo. Daktari anapunguza dozi, vali inapata donge la damu. Kuna pia duka la dawa la mtaani: Septrin, Flagyl au flukonazoli hupandisha INR, nayo rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Sukuma wiki haikatazwi. Kinacholeta shida ni kula sahani tatu wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo.

Kwa donge la mguuni lisilohusiana na vali, mimi niko upande wa dawa mpya. Warfarini huanza taratibu, hivyo hutaka sindano za enoksaparini kwa siku tano au zaidi, hadi INR ifike 2 na kukaa hapo kwa saa 24. Rivaroksabani inaanza bila sindano: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, pamoja na chakula, kwani tumbo tupu hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Ubaya wake ni pesa. Anayenunua vidonge vichache vichache hukosa siku mbili na kinga inaisha, na kwa kuwa hakuna kipimo cha kawaida, hakuna atakayejua. Rifampisini huishusha hii pia. Mjamzito hapewi kabisa.

Kwa vali ya bandia ya chuma mjadala umefungwa: RE-ALIGN, utafiti wa dabigatrani, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu madonge na uvujaji vyote viliongezeka.

Kwa hiyo fedha za kaunti zingeanzia kwenye mashine za INR za tone la kidole na wafamasia wa kufuatilia, kama Eldoret ilivyofanya katika hospitali ya rufaa ya Moi. Na karatasi inayosema "warfarini mg 5" peke yake irudishwe kwa daktari aandike sababu ya dawa, lengo la INR (2 hadi 3 kwa wengi, 2.5 hadi 3.5 kwa vali ya mitrali ya chuma) na tarehe ya kipimo kijacho.